Karani wa Nje na Orodha ya Vita

Watu walimwita Karani wa Nje, na kwa kweli jina lilimfaa. Ndani ya jengo la manispaa walikuwamo makarani wenye viti vya kuzunguka na chai ya saa nne. Yeye alikaa nje, ubavuni mwa ukuta, katika kibanda cha mabati chenye meza moja, printa yenye kikohozi na mashine ya fotokopi aliyoinunua ikiwa imeshazeeka. Fomu yoyote iliyotakiwa ndani, yeye aliijaza nje. Leseni ya duka, kibali cha kujenga, cheti cha kuzaliwa, malalamiko ya mtaro ulioziba, vyote vilipitia mikononi mwake kabla ya kufika dirishani. Miaka ishirini na miwili, bwana! Mameya walikuja wakaenda, yeye yupo palepale, kalamu sikioni.

Na kwa kuwa aliijua manispaa ile nje ndani, hakuiamini hata chembe.

Usimlaumu haraka. Miaka tisa nyuma lilitoka tangazo kwamba wachuuzi wote wa barabara ya sokoni wajiandikishe, watapewa meza za kudumu. Watu wakafurika. Karani wa Nje alijaza fomu mia tatu na kumi na nne kwa mkono wake, kila moja na jina la mtu, nyumba anayokaa, na mahali anapopanga bidhaa zake kwa kuhesabu hatua kutoka nguzo ya taa. Miezi mitatu baadaye yakaja magari ya mgambo. Walikuwa na orodha ileile. Walipita wakihesabu hatua kutoka nguzo ya taa na kuzoa mali za watu, wala hawakumruka hata mmoja. Mama mmoja muuza vitambaa alikuja kibandani mikono mitupu. Hakutukana. Alimtazama tu, kisha akasema, "Ulinipima vizuri sana, kaka yangu." Maneno yale yalimkaa rohoni, na tangu siku hiyo akisikia neno "kujiandikisha" aliiweka kalamu chini kwanza.

Sasa basi. Vita vilipozuka ng'ambo, watu wa mji ule walikuwa wengi huko: madereva, walinzi, wafagiaji wa hospitali, wasichana wa kazi za nyumbani. Mmoja wao alikuwa bintiye Karani wa Nje, kifungua mimba wake. Alikuwa na mwaka wa tatu huko, akimtunza bikizee mmoja asiyeweza kutoka kitandani. Alipiga simu kila baada ya siku mbili. "King'ora kikilia nambeba bibi mgongoni tunashuka chini ya jengo," alisema. "Ghorofa nne, baba. Siku hizi nimekuwa punda." Akacheka mwenyewe, na baba yake akacheka naye. Simu ilipokatika, mzee wa watu alikaa kitako akiitazama kama vile itasema jambo jingine.

Wiki ya tatu ya vita, gari la matangazo likapita mitaani. Familia zote zenye ndugu katika nchi ile zifike manispaa, Chumba namba Saba, zijaze fomu ya kurasa mbili. Orodha itapelekwa wizarani, na walioorodheshwa watakusanywa na kurudishwa nyumbani kwa ndege.

"Kwa ndege!" Karani wa Nje alimwambia fundi viatu, jirani yake wa ukutani. "Manispaa iliyoshindwa kuzoa taka kwa lori, leo itazoa watu kwa ndege?"

Fundi viatu alicheka hadi msumari ukamtoka mdomoni. "We sema tu, ila wateja watakujia."

Kweli wakaja, na kibanda kikajaa. Karani wa Nje aliipata ile fomu mapema kuliko mtu yeyote, akaisoma neno kwa neno, miwani kwenye ncha ya pua. Swali la kumi na moja liliuliza: nyumba mnayoishi ni yenu au mmepanga? Swali la kumi na nne: ndugu yenu hutuma kiasi gani kila mwezi? Akaiweka chini ile karatasi. Nyumba na vita wapi na wapi? Hapo kuna kodi inapikwa, alijisemea, au kuna nyumba zinatafutiwa sababu ya kubomolewa. Lakini wateja walitaka wajaziwe, akawajazia. Wa kwake hakumjazia.

Nyumbani hapakukalika. Mkewe alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, mtaa wa pili, mwanamke mpole ila akishika jambo haliachii.

"Baba watoto, mwandike mtoto."

"Nimwandike ili iweje? Wapate namba yake ya pasipoti, mtaa anaokaa, na hela anayotuma? Wewe umesahau ya sokoni?"

"Sijasahau. Lakini sokoni walichukua vitambaa. Huku mtoto atachukuliwa na bomu."

"Usitamke maneno hayo humu ndani!"

"Wa watu unawaandika kutwa nzima. Wa kwako ndiye nani?"

"Wa watu ni kazi," alijibu, na hata yeye alisikia jibu lilivyo chapwa. Akageukia ukutani.

Halafu likaja balaa jingine, na hili halikuwa la kuwaza. Matapeli walianza kuwapigia simu wenye ndugu vitani. Mlinzi mmoja mstaafu aliambiwa mwanawe amekatika mguu, atume haraka hela ya hospitali. Akauza pikipiki, akatuma, na kumbe mwanawe alikuwa mzima amekaa anakula. Karani wa Nje ndiye aliyemwandikia maelezo ya polisi. Aliandika huku damu inamchemka. Matapeli walipata wapi namba ya mzee huyu? Walijuaje kuwa ana mtoto huko? Si orodha hiyo imevuja? Si ndiyo hiyo hiyo ya Chumba namba Saba?

Basi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka ishirini na miwili: akatoa kitu bure. Alichapa karatasi ndogo yenye maneno makubwa. UKIPIGIWA NA NAMBA USIYOIJUA UKAULIZWA NDUGU YAKO ALIYE VITANI, SEMA: SIMJUI. KATA SIMU. Kila aliyejaziwa fomu alipewa karatasi ile, imebanwa kwa stepla nyuma ya nakala yake. Na hakuishia hapo. Aliwafanyisha mazoezi.

"Haya, mama, mimi ndiye tapeli. Halo! Naongea na mama yake dereva?"

"Ndiyo, baba, ni mi—"

"Umeshaliwa! Tuanze upya. Halo! Naongea na mama yake dereva?"

"Simjui!"

"Una uhakika?"

"Nimesema simjui, koma!"

Watu wa foleni walipiga makofi, na yule mama aliondoka akitabasamu, karatasi yake mkononi. Fundi viatu akamtania Karani wa Nje kwamba sasa amefungua shule. Naye, tuseme ukweli, alivimba kichwa kidogo. Kwa mara ya kwanza tangu mambo ya sokoni alijiona amewakinga watu.

Alichokifanya mkewe siku zile hakukijua. Mchana mmoja mama huyu aliomba ruhusa kazini, akapita nyuma ya jengo ili asionekane kutoka kibandani, akaingia Chumba namba Saba. Dada wa chumba kile alimjazia fomu mwenyewe. Walipofika kwenye namba ya simu ya mkuu wa kaya, mama alisita. Simu yake mwenyewe ilikuwa imepasuka kioo na kufa tangu mwezi uliopita, na nyumba nzima iliishi kwa simu ya mumewe. Akaitaja hiyo. Kisha akaomba simu ya dobi, akampigia bintiye, akamwambia afunge kibegi, akae tayari, ila baba yake asimtajie kwanza. Kwa mumewe alikusudia kusema jioni ileile. Lakini jioni mumewe aliingia akisimulia jinsi alivyowafunza watu ishirini kukana, uso umemng'aa, na mama akampakulia chakula. Akasema kesho. Na kesho yake akasema kesho.

Jumanne, saa tano asubuhi, simu ya Karani wa Nje ikalia. Kibandani walikuwamo wateja wanne. Namba ilikuwa ngeni.

Akawakonyeza wateja. "Haya, tazameni darasa," akasema, akabonyeza spika ili wote wasikie.

"Habari za kazi, baba," ilisema sauti ya mwanamke, imechoka, nyuma yake watu wanaongea. "Napiga kuhusu binti yako aliye ng'ambo."

"Binti gani?"

Yule mwanamke akataja jina. La kwanza, la baba, la babu, yote matatu, bila kukosea. Karani wa Nje alikawia kujibu. Yeye hakumwandika mtoto popote! Wamempataje? Hapo hasira ikampanda kichwani. Akaona ameuona ushahidi wote aliokuwa akiutafuta: hawa watu wameingia hata kwa asiyejiandikisha.

"Simjui huyo," akasema.

"Samahani, baba. Jambo lenyewe ni zito, nataka uhakika. Ni mwanao au si mwanao?"

Wateja walikuwa wakimtazama, na fundi viatu ameacha kugonga. Kumkana mtoto kwa sauti si mchezo, hata kama ni kwa tapeli. Alitaka kukata simu tu. Lakini alikuwa mwalimu, na darasa limekaa.

"Mimi sina binti huko. Sijapata kuwa naye."

"Haya, baba. Asante."

Simu ikakatika. Wateja wakashangilia, mmoja akampiga begani. Karani wa Nje akacheka nao, lakini kicheko hakikufika mbali. Yule mwanamke hakuomba chochote. Hakutaja hospitali, hakutaja hela, na alishukuru. Tapeli gani hushukuru? Jambo hilo lilimzunguka kichwani mchana kutwa. Akajiambia ni ujanja mpya tu, akaendelea na kazi.

Alhamisi asubuhi orodha ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Karani wa Nje alisikia kwanza yowe, kisha mayowe. Akatoka mbio, kalamu ingali sikioni. Waliojiandikisha walikuwa mia mbili na tatu, na ubaoni yalikuwapo majina themanini na sita. Chini yake iliandikwa mistari miwili kwa mashine: waliobaki wameondolewa kwa kuwa familia zao, zilipopigiwa simu na ofisi ili kuhakikiwa, zilikana kuwafahamu.

Mbele kabisa, amekaa chini vumbini, alikuwa mama yake dereva. "Mimi?" alilia. "Mimi nimemkana mwanangu? Mimi?"

Loo! Karani wa Nje hakuhitaji kuelezwa. Alikumbuka nyuso, alikumbuka mazoezi, aliisikia sauti yake mwenyewe ikisema tuanze upya. Wa kwangu hayumo humu, akajituliza haraka, na hapohapo akaona haya kwa kujituliza. Ndipo alipomwona mkewe. Alikuwa ubaoni na aproni yake ya kazini, kidole kinashuka jina kwa jina, kinafika chini, kinapanda tena juu kuanza upya.

"Wewe unatafuta nini hapa?" akamwuliza.

"Namtafuta mtoto." Hakugeuka. "Nilimwandika."

"Ulimwandika lini?"

"Wiki iliyopita. Niliweka namba yako." Sasa akageuka. "Baba watoto, hawakukupigia? Mbona wenzake wamepigiwa? Hawakukupigia?"

Karani wa Nje alishika njia ya ndani, mkewe nyuma yake.

Chumba namba Saba kilikuwa kimejaa hadi mlangoni. Waliokuwa mbele walikuwa wakigonga meza na kuitukana manispaa hadi uzao wake wa saba. Dada wa chumba kile alikuwa mdogo kuliko Karani wa Nje alivyodhani, macho yamevimba, mbele yake simu ndogo ya kiganjani iliyochomekwa chaji.

"Ulitupigia kwa namba ya nani?" Karani wa Nje aliuliza alipofika mezani, mkewe kamshika mkono wa shati.

"Yangu. Simu ya ofisi imekatwa mwezi wa nne huu. Nimepiga mia mbili na tatu kwa salio langu, baba."

"Na kwa nini hamkutangaza kwamba mtapiga? Watu wangejua!"

Dada akatazama mlango kwanza. "Tulikatazwa. Wakubwa walisema tukitangaza watu watajiandaa, wataingiza ndugu wa uongo wapate kupandishwa ndege. Walisema tupige ghafla bila kujitaja, anayebabaika tumfute."

"Yaani mlitushuku?"

"Walituambia tusimwamini mtu." Akavuta rejesta, akafunua ukurasa, akaushika kwa kidole kisha akaugeuzia kwao. Lilikuwapo jina la mtoto, yote matatu. Kando yake, kwa wino mwekundu: Baba mzazi amekana. Ameulizwa mara mbili.

"Niliisikia sauti yako ikisita," alisema yule dada, taratibu. "Ndiyo maana nikakuuliza tena. Ungesita mara ya pili ningekuacha, ningeandika simu haikupatikana, mtoto asifutwe. Lakini ulinijibu vizuri kabisa."

Mkewe akauachia mkono wa shati. Hakupiga kelele. Alisogea hatua moja pembeni, na kwa Karani wa Nje hatua ile ilikuwa mbaya kuliko kofi.

"Futa," akasema mzee. "Mwanangu, nakuomba, futa hayo maneno. Ni binti yangu. Nilidhani wewe ni tapeli."

"Orodha imeshaenda, baba. Mabasi ya kuwakusanya yanatoka leo huko waliko. Itakuwapo orodha ya pili kama ndege ya pili itapatikana. Leta hati ya kiapo na barua ya mwenyekiti wa mtaa."

"Na isipopatikana?"

Dada alikuwa ameshamwita mwingine.

Walipotoka, foleni ilikuwa imehamia kibandani. Watu mia na zaidi, wote wanataka hati ya kiapo, wote wanaapiza manispaa. Fundi viatu akamshika mkono, akamwinamia sikioni. "Kaa, andika, nyamaza. Lawama ni yao. Wangetangaza, haya yasingetokea." Na kweli, lawama ilikuwa yao. Nusu yake ilikuwa yao kabisa, na nusu hiyo ingetosha kumfunika mtu maisha yake yote. Karani wa Nje alikaa. Akachukua karatasi ya kwanza. Akaandika tarehe, akaikata, akaiandika tena.

Ndipo simu yake ikalia. Namba hii aliijua.

"Baba!" Sauti ya bintiye ilikuwa juu juu, nyuma yake injini zinanguruma na mtu anasoma majina. "Baba, nipo kituoni. Bibi nimemwacha kwa jirani, nimekuja na kibegi. Wamesoma majina yote, mimi sipo. Nimekwenda kuuliza, wananiambia eti baba yangu kasema hanijui! Nimewaambia hao wamekosea namba, baba yangu hawezi kusema kitu kama hicho. Ongea na huyu afande, mwambie."

Simu ikapita mkono mwingine. "Nani?"

"Mimi ni baba yake!" Karani wa Nje alisimama, kiti kikaanguka. "Ni mwanangu wa kumzaa, bwana, mpandishe kwenye basi, nakuomba sana, ni mwanangu!"

"Mzee, tangu asubuhi kila mtu ananiambia hivyo. Mimi naangalia karatasi." Hakuwa mkali, alikuwa amechoka tu. Akairudisha simu.

"Baba, mbona anatikisa kichwa?" Sauti ya mtoto ilishuka. "Baba, si walikosea namba? Niambie tu. Walipiga kwa mtu mwingine, sivyo?"

Foleni nzima ilikuwa ikimtazama. Mkewe alikuwa amesimama palepale, mikono imeshika aproni. Fundi viatu alikuwa akimtikisia kichwa, amkubalie mtoto, aseme ndiyo, walikosea. Na lilikuwa jepesi kweli. Neno moja tu, na mtoto angeendelea kuwa na baba yule aliyekuwa naye asubuhi.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Hawakukosea. Walinipigia mimi."

Upande wa pili zilisikika injini, kisha mlango mzito wa basi ukifungwa, kisha injini zikipungua moja baada ya nyingine. Karani wa Nje alisubiri atukanwe. Alitamani atukanwe.

"Mama yuko karibu?" aliuliza bintiye mwishowe. "Nipe mama."

Akampa.